Hedifoni za gemu: Za wazi au zilizozibwa? Mwongozo kwa wafanyabiashara

MFANYABIASHARA anayefuata mzigo wa vifaa vya gemu Dubai, Guangzhou au Kariakoo hukutana na hedifoni za aina mbili zinazofanana kwa macho lakini zinazotofautiana sana kwa matumizi: za wazi na zilizozibwa. Akizichanganya, anaweza kurudi na mzigo ambao wateja wataulalamikia hata kama ni wa ubora mzuri na bei ni nafuu. Na kwa kuwa hedifoni ni kifaa cha kuvaliwa, ikishatolewa kwenye boksi na kutumika ni vigumu kuiuza tena kama mpya.

Tofauti iko mgongoni

Ndani ya kila kikombe cha hedifoni kuna spika ndogo. Utando wa spika hiyo unapotikisika husukuma hewa pande mbili: mbele kuelekea sikioni, na nyuma. Hedifoni iliyozibwa ina plastiki au chuma kisicho na upenyo nyuma ya kikombe, hivyo sauti ya nyuma hubaki humo ndani. Hedifoni ya wazi ina wavu au matundu nyuma, na sauti hiyo hutoka nje.

Aina ya wazi si ngeni. Kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa modeli ya HD 414 mwaka 1968, nayo hutajwa kuwa ya kwanza ya aina hiyo kuuzwa sokoni. Kampuni nyingine ya nchi hiyo, Beyerdynamic, hutengeneza modeli mbili za familia moja: DT 770 Pro iliyozibwa na DT 990 Pro ya wazi.

Kwa mchezaji wa gemu, hedifoni ya wazi husikika kana kwamba sauti iko chumbani, si ndani ya kichwa. Katika michezo ya kufyatuliana risasi kama Counter-Strike, hali hiyo humsaidia kutambua nyayo za adui zinatokea upande gani. Hedifoni iliyozibwa hutoa besi yenye nguvu zaidi na huzuia kelele za nje, lakini sauti yake huonekana kubanwa karibu na masikio.

Kwa maelezo hayo, wengi huhitimisha kwamba ya wazi ndiyo bora kwa gemu. Maoni ya namna hiyo hutolewa mara nyingi na watu wanaocheza peke yao katika vyumba tulivu. Wateja wengi wa Afrika Mashariki hawachezi katika mazingira hayo.

Kwenye ukumbi wa gemu

Vijana wengi wa mijini huchezea kwenye vibanda na kumbi za kulipia. Hapo kuna runinga kadhaa, feni, watazamaji wanaoshangilia mpira, bodaboda nje na pengine jenereta. Hedifoni ya wazi haizuii lolote kati ya hayo. Nyayo za adui ambazo zingesikika vizuri chumbani humezwa na kelele, na faida yote ya kujua upande hupotea. Aidha, sauti ya kila hedifoni humfikia mchezaji wa kiti cha pili.

Iliyozibwa hupunguza kelele za nje kwa takriban desibeli 10 hadi 20 ikikaa vizuri kichwani. Huzuia zaidi sauti nyembamba kama mazungumzo na filimbi. Mngurumo wa jenereta hupita kwa urahisi zaidi. Mteja anayevaa miwani hupata kinga ndogo kwa sababu fremu huacha upenyo kwenye sponji.

Kuna pia suala la afya. Katika kelele, mwenye hedifoni ya wazi huongeza sauti hadi izidi kelele hiyo. Kwa mujibu wa kigezo kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU), mtu mzima anaweza kusikiliza kwa salama desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo hupungua kwa nusu. Kwa hiyo, kwa desibeli 89 zinabaki saa 5 tu kwa wiki, muda ambao mpenzi wa gemu huumaliza Jumamosi moja.

Nyumbani

Mteja wa aina ya wazi ni yule mwenye chumba chake, anayecheza usiku kwa kompyuta au PlayStation, na asiyelala chumba kimoja na mtu atakayesumbuliwa na sauti inayovuja. Kwake, ya wazi ina faida nyingine: hewa hupita. Kwenye joto la Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, sponji za ngozi ya bandia zilizo kwenye hedifoni nyingi zilizozibwa hutoa jasho, na baada ya muda hubanduka. Muuzaji wa aina iliyozibwa hufanya vyema kuagiza pia sponji za akiba, hasa za kitambaa cha mahameli, ingawa hizo huzuia kelele kwa kiasi kidogo zaidi.

Hata hivyo, hedifoni nyingi za wazi huja bila maikrofoni. Mteja anayezungumza na wenzake mtandaoni atalazimika kununua maiki pembeni, na maiki hiyo inaweza kunasa sauti inayovuja.

Ukaguzi kabla ya kulipa

Wavu nyuma ya kikombe hautoshi kuwa ushahidi. Hedifoni nyingi za bei ya chini zina wavu wa urembo tu juu ya plastiki iliyozibwa. Njia rahisi ni kupiga muziki, kuivaa, kisha kufunika vikombe kwa viganja. Sauti ikibadilika waziwazi, ni ya wazi. Isipobadilika, imezibwa.

Jambo la pili ni ukinzani wa umeme, unaopimwa kwa omu. Hedifoni ya omu 32 huendeshwa vizuri na simu au kidhibiti cha PlayStation. Ya omu 250, kama DT 990 Pro ya kawaida, kwenye kidhibiti hicho husikika kwa sauti ndogo na mteja atadhani ni mbovu, wakati inahitaji amplifaya.

La tatu ni pini. Pini moja ya milimita 3.5 yenye mistari mitatu hubeba sauti na maiki, nayo hufaa kwa simu na vidhibiti. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili tofauti, hivyo huhitaji waya wa kugawa.

Ushuru haubagui

Kwenye forodha, hedifoni za waya za aina zote mbili huingia katika kifungu kimoja, namba 8518.30, iwe zina maiki au hazina. Kwa hiyo aina ya kikombe haibadilishi kiwango cha ushuru. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 16 Kenya na asilimia 18 Tanzania Bara, Uganda na Rwanda.

Wafanyabiashara wadogo wanapaswa kukumbuka kwamba cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni kwa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Hedifoni ya China iliyonunuliwa Kariakoo na kuvushwa Namanga haipati nafuu hiyo. Risiti na nyaraka za ushuru uliolipwa awali zitunzwe hadi mwisho wa safari.

Mzigo upi kwa mteja yupi

Kwa kumbi za gemu, maduka ya simu na wateja wa jumla, zilizozibwa zenye maiki, pini moja na omu 32 ndizo za kujaza dukani. Za wazi zinafaa kuletwa chache, tena kwa oda na malipo ya awali, kwa wateja wanaojua wanachotaka. Nazo zijaribiwe mahali patulivu: kwenye kelele za mtaa wa maduka, hata hedifoni nzuri ya wazi itashindwa na iliyozibwa ya bei ndogo, na muuzaji atapoteza mteja bila sababu.