Kumbi, Bweni na Geto: Nani Anawajibika kwa Vijana Wanaoishi Pamoja?

Kila mwaka wa masomo unapoanza, mjadala wa malazi ya wanafunzi huibuka kwa sura ileile: vitanda havitoshi, kodi za vyumba mitaani zimepanda, na vyuo vinaombwa vijenge. Huo ni mjadala wa idadi, nao una umuhimu wake. Lakini lipo swali jingine ambalo kanuni zetu za mabweni zimelikwepa kwa muda mrefu. Vijana wanapokaa pamoja mbali na wazazi wao, huunda udugu wao wenyewe, wenye majina, siri na adhabu zake. Udugu huo unawajibika kwa nani? Ili kulijibu, yafaa tuanzie Rufiji, tupitie Mlimani, kisha turudi Kibiti.

Jamii za bonde na delta ya Rufiji zililifahamu swali hili kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa nchini. Kwa Wandengereko na Warufiji, kama kwa majirani zao Wazaramo na Wamatumbi, kijana hakuvuka kuingia utu uzima peke yake. Wavulana walikusanywa kumbini, nje ya makazi, wakakaa humo hadi majeraha yapone na mafunzo yaishe. Msichana aliyevunja ungo aliwekwa ndani akawa mwali, akafundwa na somo au kungwi wake, hadi siku ya kutolewa kwa ngoma. Kumbi ilikuwa na siri zake, nyimbo zake na vitisho vyake. Wenzi wa jando moja walibaki ndugu maisha yao yote.

Hata hivyo, siri ya kumbi ilikuwa na mipaka. Mzazi hakuruhusiwa kujua kila kilichofundishwa, ila alimjua ngariba, alimjua mlezi wa kumbi, na alijua kwamba mtoto wake akidhurika atakwenda kumwuliza nani. Tena kumbi ilikuwa na mwanzo na mwisho. Mara nyingi kibanda chenyewe kilichomwa moto mafunzo yalipokwisha, na mamlaka ya waliotawala humo yakaisha pamoja nacho.

Hatupaswi kuyapamba mambo hayo. Wembe mmoja ulitumika kwa wavulana wengi. Kumweka mwali ndani kulikatisha masomo ya wasichana wengi wa Pwani, na mara nyingi mlango wa chumba chake ulifunguka kuelekea ndoa, haukuelekea darasani. Mlezi anayejulikana anaweza naye kuwa mdhalimu. Sidai, basi, kwamba kumbi ilikuwa bora kuliko bweni. Ninachosema ni kwamba waliounda taasisi ile walitambua jambo moja: ukiwatenga vijana na kuwapa udugu wenye nguvu, lazima awepo mtu mzima mwenye jina atakayejibu yatakayotokea.

Sasa twende Mlimani. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kilima cha Ubungo, na tangu hapo maisha ya mwanafunzi yakawa ni maisha ya bweni. Kijana wa Utete au Mohoro aliyefika pale alikutana na kanuni zilizoandikwa. Kanuni za aina hiyo, hapo Mlimani na katika vyuo vilivyofuata, zimezoea kuhusu mambo yanayohesabika: funguo, fanicha, jiko la umeme chumbani, saa za wageni, na baadaye zile desturi za kubebana, yaani mwenye kitanda kumhifadhi mwenzake asiye nacho.

Zilikuwapo pia kanuni kali zaidi, zile za siasa. Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400 walifukuzwa baada ya kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwaka 1970 jumuiya ya wanafunzi wenye mrengo wa kimapinduzi, USARF, ilipigwa marufuku pamoja na jarida lake la Cheche. Mwaka 1971 rais wa serikali ya wanafunzi, Symonds Akivaga, alikamatwa na kuondolewa chuoni. Machi 1978 yakafuata maandamano mengine na mamia ya wanafunzi kufukuzwa, na chama chao huru kikabadilishwa kuwa MUWATA, chini ya mwavuli wa chama tawala. Kwa robo karne dola ilionyesha kwamba, pale ilipojiona inaguswa, iliweza kuujua udugu wa wanafunzi, kuufuatilia na kuuvunja kwa siku chache.

Katika miaka hiyohiyo uliishi mabwenini udugu mwingine ambao haukuigusa dola. Uliitwa Mzee Punch. Wanachama wake, wanaume, hawakujulikana rasmi. Usiku walibandika ukutani michoro na maandishi ya kumdhalilisha mtu waliyemchagua, na aghalabu huyo alikuwa mwanafunzi wa kike: aliyemkataa mwanamume fulani, aliyefaulu kupita kiasi, au aliyejibu pale alipotakiwa kunyamaza. Aliyekwisha "kupigwa Punch" alitengwa. Aliyethubutu kuzungumza naye au kuketi naye mezani alijiweka hatarini kufuata zamu.

Wengi waliiona kama mila ya chuo, utani wa wasomi unaomkomaza mtu. Februari 1990 mwanafunzi mmoja wa kike, baada ya kuandamwa na kundi hilo, alijiua. Jina lake linafahamika na lilitajwa sana magazetini; sioni sababu ya kulirudia hapa. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichokuwa na umri wa miaka mitatu tu, kililivalia njuga suala hilo, na kwa mara ya kwanza taifa likajadili hadharani unyanyasaji wa kijinsia ndani ya chuo kikuu.

Mei mwaka huohuo Serikali ilikifunga chuo. Sababu ilikuwa mgogoro wa kisiasa kati yake na wanafunzi. Yaweke matukio hayo mawili sambamba, ndugu msomaji. Chuo kizima kilifungwa kwa sababu ya siasa, ilhali mabango ya Punch yalikuwa yamebandikwa kwa miaka mingi kwenye kuta ambazo walezi wa mabweni walipita mbele yake kila asubuhi. Nguvu ya kusimamia ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kujibu kwa niaba ya yule binti.

Si sisi peke yetu tuliojifunza somo hili kwa gharama. Nigeria, mwaka 1952, Wole Soyinka na wenzake sita waliunda udugu wa Pyrates pale Ibadan, wakipinga ukabila na majivuno ya tabaka la wasomi. Katika miongo iliyofuata makundi ya siri yaliyochipuka vyuoni yaligeuka ya kikatili, na Julai 1999 wanafunzi watano waliuawa usiku katika mabweni ya Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo, Ife. Nchini Marekani, vyama vya udugu vya wanaume na wanawake huwa na nyumba zao, mara nyingi nje ya umiliki wa chuo, na vyuo vimekuwa vikibishana navyo kwa zaidi ya karne moja kuhusu nani ana sauti humo ndani. Mwanafunzi wa Penn State alipofariki mwaka 2017 kutokana na majeraha aliyopata katika nyumba ya namna hiyo usiku wa kupokewa, jimbo la Pennsylvania lilitunga sheria mwaka 2018 inayoruhusu hata nyumba yenyewe kutaifishwa ikithibitika kuhusika na mateso ya wageni. Jaribio lao ni kuufanya udugu uwe na kitu cha kupoteza.

Turudi Kibiti, wilaya iliyomegwa kutoka Rufiji. Shule za sekondari za kata ziliongezeka sana chini ya mpango ulioanza mwaka 2004, na ada ikafutwa hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Lakini kufuta ada hakukufuta umbali. Mtoto wa Kiongoroni, Maparoni au Msala anaishi mahali ambapo safari hufuata kujaa na kupwa kwa maji, na boti ya Nyamisati haimsubiri kengele ya shule. Pasipo bweni, wazazi hupanga chumba karibu na shule. Watoto wawili au watatu wa miaka 14 au 15 hupewa unga, jiko na godoro. Hilo ndilo geto.

Geto ni nyumba ya udugu isiyo na kanuni yoyote. Haina mlezi wa kumbi wala mshauri wa wanafunzi. Mwenye nyumba anadai kodi tu, mwalimu mkuu anasema mamlaka yake yanaishia getini, na mzazi yuko ng'ambo ya mikoko. Wakubwa huwatawala wadogo, na msichana anayepanga peke yake hupata "walinzi" ambao hakuwaomba. Uamuzi wa Novemba 2021 wa kuwaruhusu waliojifungua kurudi shuleni ni wa haki, ila unamfikia binti baada ya madhara. Na kijana huyohuyo, akifaulu, ndiye atakayefika chuoni akiwa ameshafundwa na geto.

Kujenga kunaendelea na kupongezwe. Mabweni yaliyofunguliwa Mlimani mwaka 2017 yana nafasi za wanafunzi 3,840. Lakini kabla ya kanuni yoyote ya malazi kupitishwa, iwe na baraza la chuo au kamati ya maendeleo ya kata, ningependa ijibu maswali matatu. Nani anajua kwa majina wanaolala hapa usiku huu? Aliyeumizwa ataeleza kwa nani bila kupita kwa waliomwumiza? Na wakinyamaza wote, nani atapoteza wadhifa wake?

Kibiti inaweza kuanza bila kusubiri bajeti. Mtendaji wa kijiji, mwalimu mkuu na kungwi mmoja anayeheshimika wanaweza kuandikisha kila geto katika daftari moja, kumteua mtu mzima anayejibu kwa kila nyumba, na kuyatembelea kila wiki. Daftari hilo gharama yake ni ndogo. Majina yatakayoandikwa ndani yake ni ya watoto ambao, hadi sasa, hakuna ofisi inayojua wamelala wapi.