Visu vya Sheffield na Solingen Mpakani mwa Taveta

Kisu cha kukunja ni chombo kidogo, nacho huweza kukaa mfukoni siku nyingi bila kukumbukwa. Lakini siku kinapotakiwa, hutakiwa kwa haraka: kuchuna mbuzi, kukata kamba ya mkonge, kuchonga mambo za hema. Hapo ndipo visu viwili vilivyofanana kama mapacha huachana. Kimoja husimama imara; cha pili hujikunja ghafula na kumkata mwenyewe vidole. Watu wa Voi, Mwatate na Taveta wamekuwa wanunuzi wa visu vya kigeni kwa muda mrefu, na habari za visu hivyo zimefungamana na habari za mpaka wao kuliko mtu awezavyo kudhani.

Kabla ya bidhaa za Ulaya kuzagaa, chuma cha sehemu hizi kilitoka karibu. Ng'ambo ya Ziwa Jipe, katika milima ya Ugweno, walikuwako wahunzi wa ukoo wa Washana, ambao hata utawala wa nchi hiyo ulikuwa mikononi mwao kabla ya kunyang'anywa na Wasuya. Chuma chao walikipata katika mchanga mweusi, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto. Wachaga walikinunua na kukifua wenyewe kuwa mikuki. Chuma cha namna hiyo kwa kawaida ni laini: makali yake huisha upesi, lakini pia hunolewa upesi. Hakikuwa na chapa yoyote, wala haikuhitajiwa, maana mnunuzi alimjua mhunzi na njia ya kwenda kwake.

Wala tusidhani kwamba wanunuzi wa bara walipokea kila walicholetewa. Joseph Thomson alipofika Taveta mwaka 1883 akielekea nchi ya Wamasai, alipata habari kwamba shanga zake hazikutungwa kwa urefu wanaoutaka Wamasai, na kwa hiyo zisingepokewa. Ilimbidi akae pale mpaka watu wake wazitunge zote upya.

Huko Ulaya, wakati huo, ilikuwako miji miwili iliyoshindana kwa visu. Sheffield ya Uingereza ilikuwa na chama cha wafua visu kilichowekwa kwa sheria tangu mwaka 1624, na kazi yake mojawapo ilikuwa kulinda chapa za mafundi. Katika miaka ya 1740 fundi Benjamin Huntsman alipata njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo, kikatoka safi na cha namna moja. Nao watu wa Solingen, Ujerumani, hawakuwa wanafunzi wa jana. Chapa ya mapacha ya Henckels iliandikishwa huko mwaka 1731. Ila katika karne ya 19 walikubali mashine mapema, hali mafundi wengi wa Sheffield wakiendelea kufua na kunoa kwa mkono katika vibanda vyao. Kisu cha Solingen kikawa rahisi. Baadhi ya watengenezaji wa Kijerumani hawakuridhika na urahisi huo, wakapiga juu ya vyuma vyao majina ya Kiingereza. Hata Mjerumani mwenzao, Profesa Franz Reuleaux, alipoyatazama maonyesho ya Philadelphia mwaka 1876, aliandika kwamba bidhaa za nchi yake ni za bei ndogo na mbaya.

Sheffield ililalamika. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza likapitisha sheria kwamba bidhaa ya kigeni yenye jina au alama ya Kiingereza sharti itaje nchi ilikotengenezwa. Waliotunga sheria hiyo walitazamia kwamba neno "Ujerumani" litamfukuza mnunuzi. Kumbe visu vya Solingen vilikuwa vikizidi kuwa vizuri, na baada ya miaka michache neno hilo likageuka kuwa sifa. Kwa maoni yangu, huu ni mmoja wa mikasa ya kuchekesha sana katika historia ya biashara.

Mwaka uliotangulia sheria hiyo, 1886, serikali hizo mbili zilikuwa zimegawana nchi yetu. Mstari wao ulianzia mlango wa mto Umba, ukapita kando ya Ziwa Jipe, ukauacha Kilimanjaro kwa Wajerumani na Taveta kwa Waingereza. Kwa hiyo washindani wa Ulaya wakawa majirani huku pia. Upande mmoja, reli kutoka Mombasa ilifika Voi, na shehena za Uingereza zikaja nayo. Upande wa pili lilikuwako koloni kubwa kuliko yote ya Ujerumani. Mwaka 1902 huko Solingen kilianza kutengenezwa kisu cha kukunja kilichokusudiwa hasa makoloni hayo ya Afrika. Kiliitwa Okapi, kwa jina la mnyama wa misitu ya Kongo ambaye wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemtambua mwaka 1901 tu.

Sasa tukitaka kuvilinganisha visu vya namna hii, yafaa tujue vinavyofanya kazi. Kisu cha mfukoni cha kawaida hushikwa na springi peke yake. Ukikisukuma kwa mgongo, hufunga. Kisu chenye kufuli la mgongoni kina ufito wa chuma juu ya mpini, wenye jino mwishoni. Mkia wa bamba nao una pengo. Bamba likifunguka lote, jino huingia pengoni na kukaa, wala halitoki mpaka ufito uinuliwe. Katika Okapi huinuliwa kwa pete ndogo. Uzuri wote wa kisu umo katika kukutana huko. Jino likikatwa pungufu kwa unene wa ukucha tu, bamba hucheza. Chuma cha jino kikiwa laini, huliwa kidogo kidogo, na kufuli lililoshika vizuri dukani huteleza baada ya mwaka. Na ribiti inayoshika bamba ikilegea, hakuna kufuli litakalosaidia. Mambo haya hayaonekani katika chapa.

Mpaka ule haukudumu. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Mwaka 1915 Waingereza wakajenga reli kutoka Voi hadi Maktau kwa ajili ya vita, wakashindwa kwenye kilima cha Salaita Februari 1916, na mwezi wa Machi wakaurudisha mji. Koloni la Wajerumani likatoweka, lakini Okapi haikutoweka nalo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Afrika Kusini iliinunua mitambo pamoja na jina, na kisu hicho kikaanza kutengenezwa Isithebe.

Mnunuzi mwenye busara hukifungua kisu na kusikiliza mlio wa jino. Hulitikisa bamba huku na huku, kisha hukandamiza mgongo wake juu ya ubao, vidole vikiwa mbali. Hukifunga, akakifungua tena, akasikiliza mara ya pili. Ndipo huuliza bei.