Misindano ya Mufindi na Sababu Zake

Msindano ni mgeni Mufindi. Aina iliyotawala shamba la Sao Hill, Pinus patula, asili yake ni milima ya Meksiko, na majaribio ya kuupanda hapo yalianza mwaka 1939. Maofisa misitu wa kikoloni walikuta nyanda za juu zenye baridi, mvua ya kutosha na nyasi ndefu, wakaona ardhi tupu. Kwa Wahehe nyasi zile zilikuwa malisho na maezeko ya nyumba, na mabondeni walilima vinyungu, bustani za kiangazi zinazoishi kwa unyevu wa ardhi. Hewa ya ukaa haikuwa na msemaji siku hizo. Zilitakiwa mbao, tena za haraka, kwa kuwa mninga na mvule haiwezi kuharakishwa.

Mti wenyewe haukukubali kirahisi. Mizizi ya msindano huishi kwa kushirikiana na kuvu ambayo haikuwamo katika udongo wa Afrika Mashariki, hivyo miche iliyopandwa bila kuvu hiyo iligeuka njano na kudumaa. Dawa ilikuwa kuchota udongo chini ya misindano iliyokomaa na kuuchanganya na ule wa kitaluni. Desturi hiyo haijafa: mzalishaji wa miche anayejua kazi yake, kabla ya kujaza viriba, huhakikisha ametia udongo wa msituni, mweusi na wenye sindano zilizooza.

Kisha yakaja maradhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, ugonjwa wa majani uliishambulia vibaya Pinus radiata, aina nyingine ya msindano, nchini Kenya na Tanganyika. Aina hiyo ikaachwa, patula ikazidi kupewa nafasi.

Baada ya uhuru sababu ilipanuka. Serikali ilitaka nchi ijitengenezee karatasi yake, na katika miaka ya 1970 Benki ya Dunia ikatoa mkopo wa kupanua Sao Hill. Norway ikasaidia kiwanda cha kupasua mbao, na huko Mgololo kikajengwa kiwanda cha karatasi kilichoanza uzalishaji katikati ya miaka ya 1980. Mipango ilikuwa mikubwa kuliko mtaji wa kuiendesha. Kiwanda cha karatasi kilisuasua, kikafungwa, na mwaka 2004 kikauzwa kwa mwekezaji binafsi. Miti haikungoja hesabu za kiwanda, iliendelea kunenepa.

Waliofaidi somo hilo, kwamba mti hukua hata kiwanda kikilala, ni wanavijiji. Kadiri bei ya mbao ilivyopanda, kaya za Mufindi, Njombe na Kilolo zilianza kupanda ekari moja, mbili, tano. Walimu, madereva na wafanyakazi wa Dar es Salaam nao wakanunua mashamba. Ekari ya misindano ikawa ada ya shule ya mtoto na kiinua mgongo cha mzee. Mashine ndogo za kupasulia mbao, zinazojulikana kama dingidongi, zikahamishwa kutoka shamba hadi shamba kuwafuata wenye miti.

Sababu mpya kabisa ilifika kupitia Mkataba wa Kyoto wa 1997: msindano kama ghala la kaboni. Kampuni kutoka Norway ilianza kupanda miti katika nyasi za Mapanda na Uchindile, na baadaye ikaingia katika biashara ya kuuza hati za kaboni. Hesabu yake ina mantiki, maana karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Lakini udongo wa nyasi nao una kaboni yake, na kuutifua ili kupanda miti huachia sehemu ya kaboni hiyo hewani. Wakosoaji waliongeza maswali ya ardhi ya vijiji, pamoja na maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kingo za mto na vyanzo vya maji, eneo ambalo wengi walikwishapanda miti.

Miti hutetewa pia kwa sababu ya kuponya ardhi iliyochoka, na kuhusu hilo Kondoa, mkoani Dodoma, inatoa ushahidi wa aina yake. Mradi wa HADO, ulioanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, ulipanda miti na kuchimba makinga maji katika makorongo. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika milima ya Irangi. Nyasi, vichaka na miti ya miombo vikarudi vyenyewe, kwa kasi na mapana zaidi kuliko miche iliyokuwa ikipandwa kwa mkono.

Mufindi sasa sababu zote hizo zinagombea mti mmoja. Mnunuzi wa kaboni anataka usimame miongo kadhaa. Serikali huutunza ukomae uwe gogo nene la mbao. Mwanakijiji mwenye mtoto aliyechaguliwa kwenda kidato cha tano huuuza ukiwa na miaka isiyofika kumi na mitano, na mbao zake nyembamba hupakiwa kwenye lori kwenda Dar es Salaam.