TV ya gari imegoma Watamu? Saka shida ya kebo hivi kabla uite fundi

Umeendesha gari ya kulala kutoka Nairobi hadi Watamu, umepaki karibu na bichi, mechi inakaribia kuanza, na skrini inakuambia hakuna mawimbi. Tulia, msee. Mara nyingi TV yenyewe iko fiti. Shida iko kwa kebo, na huku pwani kebo ina maadui wawili wakubwa: upepo wa chumvi na mtikisiko wa safari.

Lakini kabla usake picha, kuna kitu kimoja ambacho kinaweza kukumaliza.

Kwanza, usipigwe na stima

Gari yako imekaa juu ya mpira. Ukiichomeka kwa soketi ya kambi ya volti 240 na waya wa ardhini, ule wa kijani na njano, umekatika, stima ikivuja haina pa kwenda. Inabaki kwa bodi ya gari nzima. Inafika pia kwa dishi, kwa sababu wavu wa nje wa kebo umeshikana na chuma cha dekoda. Sasa wewe unatoka kuogelea, miguu mitupu, mchanga umeloa, unashika mlango. Njia ya stima kwenda chini inakuwa ni wewe.

So ukihisi vidole vinakufa ganzi unaposhika konekta, dishi ama mlango, usichukulie poa. Usiguse tena kujaribu. Zima stima kwa swichi ya kambi, chomoa, kisha tafuta fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA. Inaweza kuwa ni kastima kadogo tu ka dekoda, inaweza kuwa ni kitu cha kuua, na mkono wako hauwezi kujua tofauti.

Kama hakuna ganzi, twende kazi.

1. Anza na betri

Ukitumia betri ya gari, pima. Volti 12.6 imejaa. Ikikaribia 12.0, imebakisha kidogo sana, na inveta inaweza kujizima wakati wowote. Kama unatumia antena ya paa, kuna kiboksi kidogo cha kuongeza mawimbi chenye swichi na taa. Taa ikiwa imezima, hapo ndipo shida ilipo. Na ujue Kenya ilizima mawimbi ya analogi 2015, so TV ya zamani bila dekoda haitashika kitu hata kebo iwe mpya.

2. Soma dekoda

Ingia kwa menyu uangalie baa mbili: nguvu na ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora sufuri, kebo huenda iko sawa ila dishi linaangalia kwingine. Zote zikiwa sufuri, shuku kebo, konekta ama LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi. Dekoda ikilalamika kuna shoti, waya wa kati umegusa wavu mahali fulani. Izime kwanza.

3. Angalia juu

Setelaiti ya DStv iko nyuzi 36 mashariki. Watamu iko karibu nyuzi 40 mashariki, nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta, so hiyo setelaiti iko karibu utosini mwako. Ukipaki chini ya mnazi upate kivuli, umejizibia mwenyewe. Na kama dishi limefungwa kwa paa, tairi moja ikizama mchangani, gari ikiinama nyuzi mbili tu, picha imeenda. Sogeza gari, weka ubao chini ya tairi, jaribu tena.

4. Fuata kebo kwa macho

Zima kila kitu. Anzia nyuma ya TV hadi kwa dishi. Tafuta mahali mlango ama dirisha linaifinya, kona kali, na konekta iliyolegea. Fungua ile ya nje. Ukiona ukungu wa kijani ama unga mweupe, chumvi imeshakula.

5. Pima na multimita

Chomoa kebo pande zote mbili, weka multimita kwa ile sehemu ya kulia.

Gusa waya wa kati na wavu upande mmoja: isilie. Ikilia, kuna shoti. Kisha unganisha waya wa kati na wavu kwa kipande cha waya upande wa mbali, urudi upime upande wako: sasa ilie. Isipolia, kebo imekatika ndani. Toa hicho kipande kabla ya kurudisha kebo.

Ikipita yote mawili, rudisha upande wa dekoda peke yake, washa, pima upande wa dishi. Kebo hii hupeleka stima ya LNB, volti 13 ama 18 kulingana na chaneli. Zikiwa hapo na dishi limeelekezwa poa, LNB ndiyo mshukiwa. Kusipokuwa na kitu, pima kwa dekoda yenyewe.

6. Tengeneza idumu

Zima tena. Kata kebo kidogo kidogo hadi ufike shaba inayong'aa, hata kama ni kiganja kizima. Weka konekta mpya, hakikisha hakuna uzi wa wavu unaogusa waya wa kati. Funika na tepu ya mpira inayojishika yenyewe. Usipake silikoni inayonuka siki, hiyo huozesha shaba. Acha kebo ining'inie kama herufi U kabla iingie garini, ndio maji yadondoke chini badala ya kufuata kebo hadi kwa dekoda.

Ukifika hapa na bado ni giza, ita fundi. Lakini mwambie ulichopima. Ukimwambia kebo inalia vizuri na volti 18 zinafika kwa dishi, hawezi kukuuzia mita ishirini za kebo mpya wakati kilichokufa ni LNB.