Hewa Kwanza, Redio Baadaye: Glaida Ndogo na Anga la Kariandusi

Historia ya glaida ndogo zinazoongozwa kwa rimoti huanzishwa, mara nyingi, na redio yenyewe. Hutajwa Nikola Tesla na mashua aliyoionyesha New York mwaka 1898, kisha ndugu Walter na William Good wa Marekani, walioanza kurusha ndege yao ndogo, Guff, mwaka 1937. Masimulizi hayo yanapotosha. Guff ilikuwa na injini, ilhali glaida ndogo ilikwisha kuruka mwaka 1804, pale Mwingereza George Cayley alipofunga tiara kwenye ufito na kuipa mkia wa kurekebishwa. Redio ilikuja kumsaidia mrushaji. Ufundi wenyewe ulikuwa, na bado ni, kuitambua hewa inayopanda. Tukikubali kigezo hicho, Kariandusi, eneo la akiolojia karibu na Ziwa Elementaita nchini Kenya, na bonde linaloizunguka haviko pembezoni mwa historia hii.

Shahidi wa kwanza ni mwari weupe. Huzaliana kwenye visiwa vya mawe vya Ziwa Elementaita, lakini hufuata samaki hadi Ziwa Nakuru, ambako samaki wadogo kutoka Ziwa Magadi walipandikizwa katikati ya karne ya 20. Mwari ni ndege mzito, na kupiga mabawa safari nzima kungemmaliza nguvu. Kwa hiyo husubiri jua lipashe ardhi, kisha kundi zima huzunguka ndani ya hewa moto inayopanda, likafika juu na kuteleza kuelekea liendako. Mrusha glaida hufanya vivyo hivyo akiwa amesimama chini. Bawa moja likiinuka bila yeye kugusa rimoti, anajua hewa inayopanda iko upande ule. Glaida yenyewe huelekea kugeukia upande wa pili. Yeye huilazimisha ilifuate bawa lililoinuka. Tena huku lazima aende kasi zaidi: Elementaita iko takriban mita 1,780 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 16.

Wanasayansi nao walianzia kwa ndege. Mjerumani Otto Lilienthal aliwachunguza korongo, akachapisha kitabu mwaka 1889 na kuanza kuruka kwa glaida mwaka 1891. Korongo wa Ulaya ya mashariki hufika Afrika Mashariki kila mwaka, wakibebwa na hewa moto ya nchi kavu. Colin Pennycuick, aliyefanya kazi Nairobi na kisha Serengeti, aliwafuata tumbusi na korongo angani kwa glaida yenye injini ndogo, akachapisha matokeo mwaka 1972.

Watakuwepo wasemao kwamba urithi wa Kariandusi ni mashoka ya mawe aliyoyafukua mwanaakiolojia Louis Leakey kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, na kwamba glaida ni mchezo wa wenye nacho. Kuhusu gharama, wana haki: redio na mbawa za kaboni si za kila mfuko, ingawa Cayley alianza na tiara. Kuhusu urithi, sikubaliani nao. Mpasuko wa ardhi uliozaa volkano na obsidiani ya mashoka yale ndio uliosimamisha kingo ambazo upepo huzigonga ukalazimika kupanda. Huwezi kulieleza jiwe na kuinyamazia hewa.

Pingamizi lenye uzito ni la ndege wenyewe. Elementaita imo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011, na mwari aliyeshtuliwa kiotani huacha yai au kinda juani. Hapo sina utetezi: glaida isirushwe karibu na visiwa vile, hata ikiwa haina kelele. Warushaji wabaki kwenye miteremko iliyo mbali na ziwa, kwa idhini ya mwenye ardhi na ya mamlaka ya anga. Nao Makumbusho ya Taifa ya Kenya, wasimamizi wa Kariandusi, waweke kando ya mashoka yale maelezo ya mwari na hewa inayowabeba.