Tangazo la "Madeni Kuisha Leo" na Sheria ya 2011

Sisi tunaouza vitenge na kuendesha boda huku Lubaga, kutoka Nakulabye mpaka Nateete, tunaliona tangazo kwenye simu: eti madeni yote yanaisha leo leo. Mwenzetu mmoja alipiga. Akapewa mkopo mpya wa kulipa ule wa zamani, pikipiki ikawekwa rehani. Sasa anatembea kwa miguu.

Tukauliza: je, sheria haikuwa na njia? Zamani Uganda ilitumia sheria ya kufilisika ya wakoloni, ya 1931. Ikaondolewa na Sheria ya Ufilisi ya 2011, iliyoanza kazi 2013. Humo mna njia ambayo tangazo halikuitaja: unaiomba mahakama ikukinge siku 14 za kazi, huku ukiwapelekea wadai mpango wa kulipa kidogo kidogo. Wakikubali, unaendelea na biashara. Kutangazwa mufilisi ni kitu kingine kabisa, mali yako inashikwa na kugawiwa wadai.

Mpango unahitaji msimamizi, naye analipwa, si bure. Na kinga hiyo haimzuii mwenye rehani. Lile deni la kwanza la mwenzetu halikuwa na rehani. Lingeingia kwenye mpango.