Msambu, Mnazi na Tabia za Sabuni

Mwaka 1902 Wajerumani waliasisi taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, Usambara ya Mashariki. Ng'ambo ya bonde la Lwengera, Lushoto wakati huo ikiitwa Wilhelmstal. Vita vilipozuka mwaka 1914 na manowari za Kiingereza zikaufunga mwambao, Amani iligeuka kiwanda: dawa, mishumaa, mafuta ya mbarika, na sabuni vipande 10,000.

Milima yenyewe haikupungukiwa na mafuta ya sabuni. Msambu, mti wa msituni uliopewa na wanabotania jina la Franz Stuhlmann, aliyeiongoza Amani miaka yake ya mwanzo, huzaa matunda makubwa yenye mbegu za mafuta yanayoganda. Wenyeji huyapikia, na huyafanyia sabuni. Takriban yote ni asidi mbili: stiariki, inayozidi nusu, na oleiki. Kila moja ina mkia wa kaboni 18. Mnazi wa pwani una mkia mfupi: karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12.

Tofauti hiyo ya kaboni sita si ndogo. Kichwa cha molekuli ya sabuni hupenda maji, mkia huyakimbia. Sabuni ikiwa chache, kila molekuli hujitegemea. Ikizidi kiwango fulani, hukusanyika zikawa kama vitufe, mikia ndani, vichwa nje, na uchafu wa mafuta hujificha humo. Jambo hili alilidai James William McBain wa Bristol mwaka 1913, wenzake wengi wasimsadiki. Mkia ukirefuka kwa kaboni moja, kiwango hicho hupungua takriban kwa nusu. Kwa hesabu hiyo sabuni ya msambu ingeishinda ya nazi kwa mbali.

Haiishindi kirahisi, hasa asubuhi ya Lushoto, palipo na baridi kwenye mita kama 1,400. Mikia ya stiariki imenyooka. Hulaliana kama kuni zilizofungwa mtumba, na haiachani mpaka maji yawe ya moto sana. Oleiki inao urefu uleule, ila imepinda katikati, kwa hiyo haipangiki vyema na huyeyuka hata katika maji ya ubaridi. Stiariki huipa sabuni ya mlimani ugumu, oleiki huipa wepesi wa kuyeyuka. Sabuni ya nazi, kwa ufupi wa mkia wake, hutoa povu hata katika maji ya bahari, jambo ambalo mabaharia hawakuhitaji kufundishwa na Bristol.

Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliyaruhusu mafuta ya msambu katika siagi za kupaka mkate, baada ya kampuni ya Unilever kuanza kuzinunua mbegu zake. Ugumu uleule wa stiariki ndio uliotafutwa. Mbegu iliyookotwa chini ya mti kwa ajili ya jikoni na sabuni ikapata mnunuzi wa mbali, na msitu uliokwisha kukatwa sana kwa ajili ya chai ukapata sababu nyingine ya kuachwa umesimama. Lakini msambu huchelewa mno kuzaa, nao una dume na jike. Dume halizai, na mpandaji hajui alichopanda mpaka uchanue.